Wakili si mteja wake: ulinzi wa mawakili wa haki za binadamu katika mikoa ya Kusini

Hotuba iliyotolewa Mtwara katika Wiki ya Sheria, mbele ya mawakili, wasaidizi wa kisheria, maofisa wa Polisi na wageni waalikwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Majaji na Mahakimu, maofisa wa Jeshi la Polisi na Magereza, mawakili wasomi, wasaidizi wa kisheria mliotoka wilaya za Mtwara na Lindi, mabibi na mabwana.

Nashukuru kwa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba waandaaji waliponiomba nizungumzie ulinzi wa mawakili wanaotetea haki za binadamu hawakuniomba nilainishe maneno. Wiki yetu ya Sheria huangukia karibu na Januari 24, siku ambayo mawakili wa nchi nyingi huiadhimisha kuwa Siku ya Wakili Aliye Hatarini, kwa kumbukumbu ya mwaka 1977 mjini Madrid, Hispania, ambako watu wenye silaha waliingia katika ofisi ya mawakili wa wafanyakazi wakaua watu 5. Sitakaa Madrid kwa muda mrefu, kwa sababu shauri linalobeba hoja yangu lilisikilizwa hapa hapa Mtwara, na wengi mliomo ukumbini humu mlilifuatilia tangu mwanzo hadi hukumu.

Mwezi Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini, mwenyeji wa mkoa jirani wa Lindi, aliuawa akiwa mikononi mwa polisi mjini hapa. Maofisa na askari 7 walishtakiwa kwa mauaji, na Juni 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani 2 na kuwahukumu adhabu ya kifo, ikawaachia huru 5. Washtakiwa wote 7 walikuwa na mawakili, kama sheria yetu inavyotaka kwa mtu yeyote anayekabiliwa na shtaka la namna hiyo. Mawakili hao walisimama, wakahoji mashahidi, wakapinga vielelezo, na kwa baadhi ya wateja wao wakafanikiwa. Sijasikia, wala sokoni wala kijiweni, mtu hata mmoja akiwaita mawakili wale wauaji, au akisema kwamba wanapenda watu wauawe mahabusu. Watu walielewa, bila kusomea sheria, kwamba wale walikuwa kazini.

Sasa mchukue wakili yuleyule, mwenye joho lilelile, halafu kesho apokee shauri la familia inayodai kwamba mtoto wao amepigwa kituoni, au la wanakijiji wanaodai fidia ya ardhi iliyochukuliwa kwa mradi, au la wakulima wanaouliza fedha zao za korosho ziko wapi. Ghafla jina linabadilika. Anaitwa mchochezi, mwanaharakati, mtu anayetumiwa na mabeberu. Ule uelewa wa kwamba wakili yuko kazini, ambao tulikuwa nao juzi tu wakati mshtakiwa ni askari, tunausahau mara tu askari anapokuwa ndiye anayelalamikiwa. Hapo ndipo vitisho vinapoanzia, na ndiyo sababu nimechagua kuzungumza zaidi kuhusu chanzo hicho kuliko kuhusu walinzi na milango ya chuma.

Umoja wa Mataifa ulilitamka jambo hili mwaka 1990 huko Havana, Cuba, katika Kanuni za Msingi kuhusu Wajibu wa Mawakili. Kanuni ya 16 inazitaka serikali zihakikishe kwamba wakili anafanya kazi yake bila kutishwa, kuzuiwa wala kusumbuliwa. Ya 17 inataka mamlaka zimlinde pale usalama wake unapokuwa hatarini kwa sababu ya kazi hiyo. Na ya 18 inasema kwamba wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake wala na jambo analolidai mteja. Wengi wetu tukizungumza ulinzi hukimbilia ya 17. Mimi naiona ya 18 kuwa ndiyo mzizi wa zote, kwa maana hakuna anayeamka asubuhi akaamua kumtisha wakili hivihivi. Kwanza wakili huvishwa sura ya mteja wake, watu wakaizoea sura hiyo, na baadaye yeyote atakayemdhuru hujiona amemdhuru adui. Ni kweli kwamba kanuni hizi si mkataba na hazina meno ya kisheria. Baraza la Ulaya limeliona pengo hilo, na Mei 2025 likafungua kwa ajili ya kutiwa saini mkataba unaohusu ulinzi wa taaluma ya uwakili. Sisi tunao mwongozo wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 2003 kuhusu kesi ya haki na msaada wa kisheria, mwongozo mzuri, ingawa sidhani kama nakala yake inapatikana katika kabati la kituo hata kimoja cha polisi kati ya hapa na Kilwa.

Kwamba maneno hutangulia risasi si nadharia. Januari 1989 waziri mdogo mmoja wa Uingereza alisimama bungeni akasema kwamba baadhi ya mawakili wa Ireland Kaskazini wana huruma iliyopita kiasi kwa IRA, kundi lililokuwa likipigana na serikali hiyo. Hazikutimia wiki 4, wakili Pat Finucane akapigwa risasi nyumbani kwake Belfast, mezani, mbele ya mkewe na watoto wake. Kosa lake lilikuwa kuwatetea mahakamani watu walioshtakiwa kuwa wa kundi hilo. Aliwatetea pia watu wa upande wa pili, lakini hilo halikumsaidia. Mwaka 2012 Waziri Mkuu wa nchi hiyo aliomba radhi kwa jinsi watu wa dola walivyoshirikiana na wauaji, na uchunguzi wa hadhara ambao familia iliudai kwa miaka mingi ulitangazwa mwaka 2024. Nimeuchagua mfano wa nchi yenye majaji wenye sifa na Bunge la karne nyingi makusudi, ili asije akaondoka mtu hapa akidhani kwamba maradhi haya ni ya mataifa machanga.

Karibu na sisi, ndugu zetu wa Kenya wanalijua jina la Willie Kimani. Mteja wake alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na askari mwaka 2015, akathubutu kulalamika. Juni 23, 2016 walitoka pamoja mahakamani Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, wakiwa katika teksi, na hawakufika walikokuwa wakienda. Wakiwa wameshikiliwa katika kambi ya polisi, Kimani alifaulu kurusha nje kikaratasi cha kuomba msaada. Miili ilipatikana mtoni siku chache baadaye: wa wakili, wa mteja, na wa dereva wa teksi, Joseph Muiruri, ambaye hakuwa na shauri lolote na mtu. Mahakama iliwatia hatiani askari 3 na raia mmoja mwaka 2022, na Februari 2023 askari aliyekuwa kinara alihukumiwa kifo. Ninamtaja dereva kwa makusudi. Tunapopanga ulinzi wa wakili tunasahau karani anayepeleka hati, mkalimani anayefuatana naye vijijini, na dereva anayemsubiri nje ya lango.

Nyumbani hatuna sababu ya kunyoosheana vidole na majirani. Agosti 26, 2017 ofisi za mawakili wa IMMMA, Upanga, Dar es Salaam, zililipuliwa usiku. Wiki 2 hazikwisha, Septemba 7, Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika wa wakati huo, Tundu Lissu, alimiminiwa risasi mchana kweupe mjini Dodoma, na mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tendo hilo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa za mtu huyo, na mimi ninayo yangu, lakini shambulio lisilo na mshtakiwa humfundisha kila wakili kijana somo ambalo hakuna chuo cha sheria kinachopenda alisome. Desemba 2019 Tito Magoti, mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa, akashtakiwa kwa makosa yakiwamo ya utakatishaji fedha ambayo hayana dhamana, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Shtaka lisilo na dhamana, likifunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, ni adhabu inayotangulia hukumu.

Hata hivyo, nikisema ukweli wa mikoa yetu hii miwili, wakili wa Kusini hasumbuliwi sana kwa risasi. Husumbuliwa kwa benchi la kituoni. Anafika saa 3 asubuhi na kitambulisho chake cha uwakili mkononi, anaambiwa mpelelezi ametoka kidogo. Saa 6 anaambiwa jalada liko kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Saa 9 anaambiwa kwamba mtuhumiwa ameshatoa maelezo ya onyo na, tena kwa hiari yake, amesema hahitaji wakili. Kule ndani mtuhumiwa ameambiwa maneno mafupi: huyo wakili wako atakuponza, bila yeye ungekuwa umeshalala kwako jana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, na askari aliyeketi kaunta anaijua. Lakini anajua pia kwamba benchi halina mashahidi, na kwamba wakili aliyetoka Mtwara kwenda Liwale kwa basi atalazimika kuondoka kabla jua halijazama.

Kitisho kinachopitia kwa mteja ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu wakili mwenyewe hakisikii, na mteja huona aibu kukisema. Rosemary Nelson, wakili mwingine wa Ireland Kaskazini, alilalamika kwa miaka kwamba wateja wake walipohojiwa waliambiwa maneno ya kumdhalilisha na kumtishia yeye. Alikwenda hadi Marekani kutoa ushahidi mbele ya wabunge wa huko mwaka 1998. Machi 1999 bomu lililotegwa chini ya gari lake lilimuua. Kwa hiyo mteja akija ofisini kwako, wakili msomi, akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa "kuliacha hili jambo kwa Mungu", usikimbilie kufunga jalada. Muulize nani amezungumza naye, lini, na wapi, na uyaandike majibu yake siku hiyo hiyo.

Nataka sasa nikae kidogo kwa wasaidizi wa kisheria, kwa kuwa ndio walio wengi katika ukumbi huu na ndio wanaotajwa kwa uchache zaidi katika hotuba za namna hii. Mawakili walio wengi nchini wako Dar es Salaam. Kwa mwanakijiji wa Newala au Ruangwa, sheria ina sura ya mama au baba anayemfahamu, aliyepata mafunzo na kuandikishwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo imemtambua, lakini haikumpa joho, wala chama chenye nguvu, wala ofisi yenye kufuli. Anaishi mlango wa tatu kutoka kwa mtu anayemshtaki.

Mama mmoja anayefanya kazi hii, ambaye sitataja kijiji chake, alimsaidia mjane kudai shamba la mikorosho alilonyang'anywa na shemeji zake. Hakuna aliyemwinulia panga. Aliitwa tu pembeni baada ya mkutano wa kijiji, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba orodha ya salfa inaandikwa wiki hiyo, na kwamba si lazima kila jina lifike. Mgeni kutoka mbali asingesikia kitisho chochote ndani ya maneno hayo. Sisi tunajua kwamba mikorosho ikitoa maua bila kupuliziwa salfa, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hula maua, na kwamba mkulima aliyekosa mavuno Oktoba hana ada ya shule Januari. Yule mama aliambiwa achague kati ya mjane na watoto wake mwenyewe. Aliendelea na shauri, na kwa hilo ninamheshimu, lakini mfumo unaotegemea ushujaa wa mtu mmoja wa aina hiyo umekwisha kushindwa kabla haujaanza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaodhani kwamba ulinzi ni suala la namba ya dharura na nyumba ya kujificha. Vitu hivyo vina siku yake, na mashirika kama Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu yamewaokoa watu navyo. Lakini kitisho cha salfa hakiokolewi kwa nyumba ya kujificha. Kinahitaji ofisa ushirika wa wilaya anayejua kwamba kulifuta jina la mtu kwenye orodha ya pembejeo kwa sababu ya shauri lililoko mahakamani ni kuingilia mwenendo wa haki, na kinahitaji mtu wa kumwambia hivyo kwa barua yenye mhuri.

Waheshimiwa wawakilishi wa serikali mnajua kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayeelekea kuvunja amani pasipo njia nyingine ya kumzuia. Wakili anayemwuliza kiongozi, katika mkutano wa hadhara, kwa nini wateja wake hawajalipwa fidia, hajaelekea kuvunja amani; ameuliza swali. Ningependa kuona maelekezo ya maandishi katika mikoa yetu yanayosema kwamba uwezo wa saa 48 hautatumika kwa wakili au msaidizi wa kisheria kwa jambo alilolisema akiwa kazini. Hilo halihitaji Bunge wala bajeti.

Nalisema hili nikikumbuka Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa na ikawa wazi kwamba gesi ya Mnazi Bay, ya mkoa wetu huu, itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mji huu uliwaka. Majengo yalichomwa, watu walipoteza maisha, jeshi likaingia mitaani, na wengi wakakamatwa. Katika siku kama zile wanaohitaji wakili ni wengi kuliko siku nyingine yoyote, na ndizo siku ambazo wakili huogopa zaidi kuonekana mlangoni pa kituo, kwa kuwa kila anayemtetea mtuhumiwa wa vurugu huhesabiwa kuwa mwanavurugu. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inaposema kwamba mtu atapewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, haikuweka mabano kwamba isipokuwa wakati mji una moshi.

Kwa maofisa wa Polisi nina ombi dogo, na naamini ni la haki. Kosa la kutishia kuua kwa maneno lipo katika Kanuni ya Adhabu, na mahakama zetu za mwanzo na za wilaya zinalifahamu vizuri. Watu waligombana kilabuni, mmoja akatoa neno, asubuhi jalada limefunguliwa. Lakini wakili akija na simu yenye ujumbe unaotaja shule anayosoma mwanawe na saa anayotoka, huambiwa kwamba namba haijulikani na kwamba avumilie, ndiyo kazi aliyoichagua. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Namba isiyojulikana na wakili hujulikana na kampuni ya simu, na mpelelezi ana uwezo wa kisheria wa kuuliza. Mpeni mlalamikaji huyo namba ya RB, yaani ya lalamiko lililoandikishwa kituoni, kama mnavyowapa waliogombana kilabuni, na mtakuwa mmeshaanza kutekeleza Kanuni ya 17 bila semina.

Na sisi mawakili tusijifanye watakatifu. Wapo kati yetu wanaochukua fedha za wanakijiji na kutoonekana tena, na wapo wanaosema majukwaani mambo ambayo wasingethubutu kuyaweka kwenye hati ya kiapo. Kwa hao ipo Kamati ya Mawakili, na ifanye kazi yake kwa utaratibu wake. Kinga ninayoizungumzia ni ya neno lililosemwa kwa nia njema katika kumtumikia mteja. Lakini lipo kosa jingine letu lisilofika kwenye kamati yoyote. Mwenzetu akitishwa, tunanong'ona kwamba alizidi, kwamba anapenda sifa, kwamba mashauri ya namna ile hayana ada hata hivyo. Anayetisha husikiliza minong'ono hiyo kuliko anavyosikiliza matamko yetu, na kutokana nayo hujua kama mtu wake yuko peke yake.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja linalowezekana kabla ya mwezi huu kwisha. Mawakili wa Mtwara na Lindi tufungue daftari la vitisho, litunzwe na katibu wa mawakili wa kanda, na kila tukio liandikwe humo ndani ya saa 24: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, namba ya simu iliyotumika, shauri linalohusika, na jina la ofisa aliyepokea malalamiko au aliyekataa kuyapokea. Benchi la kituoni liandikwe pia, na saa zake. Nakala iende kila mwezi kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na kwa ofisi ya Lindi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ili asiwepo atakayesema kwamba hakuambiwa. Mawakili 2 wawe wa zamu kila wiki, na anayeitwa kituoni ahakikishe mmoja wao anajua amekwenda wapi, na nani, na kwa gari gani.

Daftari hilo liwe wazi kwa wasaidizi wa kisheria bila ada na bila sharti la uanachama, na anayeishi mbali aruhusiwe kupiga simu akaandikiwa. Ningeomba pia lianze kabla ya orodha za salfa kuanza kuandikwa vijijini, kwa sababu mwaka huu nina majina ya watu ambao ningependa tuyafuatilie mpaka kwenye ghala.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.